Siku Mama Alipompiga Tonton Ilunga kwa Mwiko

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Musonoi, mwiko ulikuwa na sheria nyingi kuliko sisi watoto. Haulazwi chini, haurukwi, na zaidi ya yote, haumpigi mtu. Mlinzi wa sheria hizo alikuwa Kaku, bibi yetu mzaa baba, aliyekaa mlangoni pa jiko na macho yasiyopitwa na kitu. Alisema anayempiga mwenzake kwa mwiko, mkono wake hukauka mpaka aliyepigwa atoe kasirani moyoni.

Mama hakuyaogopa hayo. Alikuwa mpishi wa karamu. Ukisikia harusi mtaani kwetu, ujue bukari, ugali wetu, imesongwa na yeye, katika sufuria ambayo mimi ningeweza kuogea ndani yake. Aliusukuma mwiko ule mrefu kwa mkono wa kulia, bega likipanda na kushuka, jasho likimtiririka, huku anataniana na wenzake. Kiangazi kile harusi zilifuatana wiki kwa wiki, na hakukataa hata moja.

Basi mchana mmoja Tonton Ilunga, mdogo wake Tata, baba yetu, aliyekuwa akiishi kwetu na kuendesha pikipiki ya abiria, akaingia jikoni akinyata na kufunua sufuria ya kuku wa watu. Firigisi ilikuwa tayari mdomoni. Mama akamtandika mwiko mgongoni, pwaa! Bukari ikamgandia shati. Tulicheka sisi sote, isipokuwa Tonton. Shati lilikuwa jipya.

Kaku akapiga makofi ya mshangao. "Weye, mama! Habapigake mutu na mwiko! Mukono yako itakauka, nakuambia."

"Ikikauka, nitaianika pamoja na mihogo," Mama akajibu, na kuendelea kusonga.

Haikupita wiki. Jumapili, akinisuka nywele, alipiga kelele ghafla na kuachia kitana. Alishika sehemu ya mbele ya bega, pale mkono unapoanzia. Maumivu yalishuka mpaka kwenye nyama ya mkono, na kuuinua hakuweza. Nilikwenda shule na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na wenzangu wakanibatiza jina la Nusu.

Mama alijifunga mkono kwa kitenge, akatembea hivyo kutwa. Mimi kila asubuhi niliutazama mkono ule nione kama umeanza kusinyaa. Na Jumamosi ilikuwa inakuja, na harusi ya binti wa jirani, mtoto ambaye Mama alimlea mgongoni. Alikuwa ameahidi kupika. Nilimkuta nyuma ya nyumba akijaribu kuinua mwiko kwa mkono wa kushoto, machozi yanamlenga.

Mwishowe Kaku akaita kikao uani. Akawakalisha Mama na Tonton kwenye mkeka mmoja.

"Ilunga, uko na kasirani na yaya yako?" Kaku akauliza, maana kwetu mke wa kaka huitwa yaya, dada mkubwa.

"Niko nayo," Tonton akasema, akiinua kidevu kama hakimu. "Shati yangu ilikuwa ya mupya."

Mama akainamisha kichwa. "Nakuomba musamaha, Ilunga. Kweli."

Hapo uso wa Tonton ukabadilika. Nadhani hakutegemea. Akachukua maji mdomoni kama Kaku alivyomwagiza, akaupulizia mkono wa Mama, akasema, "Mi siko tena na kasirani na weye, yaya. Mukono yako ipone." Kisha akaongeza haraka, "Lakini ile firigisi ilikuwa mutamu!"

Uani pote kicheko. Mama naye alicheka, akalia "Mayo, bega!" kwa sababu kicheko kilimtikisa, akaendelea kucheka.

Asubuhi yake maumivu yalikuwa palepale. Kaku akamkazia macho mwanawe. "Ulitoa kasirani yote, ao ulibakisha kidogo?" Tonton aliapa mbingu na ardhi. Ndipo Tata, aliyerudi kutoka kazini Nzilo, akaamua Mama apelekwe kwenye kituo cha afya. Tonton akatupakia kwenye pikipiki, mimi mbele yake, Mama nyuma.

Tulipokelewa na kinezi, mama mmoja wa miraba minne anayetibu viungo kwa mazoezi. Alimwambia Mama akunje kiwiko na ageuze kiganja juu, naye akauzuia mkono. Kisha akabonyeza kidole mbele ya bega.

"Ni apo! Ni apo!" Mama akalia.

"Kuna kamba hapa," kinezi akasema. "Hii nyama ya mukono, huku juu inakuwa kamba, inapita mu mufereji mudogo wa mufupa. Ukisukuma na kuinua kila siku bila kupumzika, inasuguana, inavimba. Haikukauka, mama. Imechoka." Alimpa vidonge vichache, akamwagiza aweke barafu iliyofungwa katika kitambaa, afanye mazoezi taratibu, na asiguse sufuria kubwa kwa wiki kadhaa. Kisha akakiangalia kitenge. "Na hii, toa. Ukifunga mukono siku zote, bega itakauka kweli."

Mama na Tonton wakatazamana, wakaangua kicheko. Kinezi alibaki akishangaa.

Njiani Mama akauliza, "Sasa Jumamosi nani atasonga?"

"Mi niko," Tonton akasema bila kugeuka.

Na kweli alisimama mbele ya sufuria, kitenge kiunoni, akina mama wakipiga vigelegele na wanaume wakija kushangaa. Mama alikaa kwenye kigoda akiamuru, "Anzia chini! Geuza!" Bukari ya kwanza ilikuwa na madonge kama mayai ya bata. Ya pili ililika. Kesho yake Tonton hakuweza kuinua mikono yote miwili, na Kaku akamuuliza kwa upole alikuwa amempiga nani.

Aliendelea kumsaidia mpaka Mama alipopona. Kila jioni Mama alitembeza vidole ukutani kwenda juu, nami nikaweka alama ya mkaa pale vilipofika. Alama zilipanda polepole, na kwa mvua za kwanza zilikuwa zimenishinda kimo.

Leo najua habari za kamba za misuli, na mtu akiniuliza nani alimponya Mama, namtaja kinezi. Lakini kuna jambo nililolielewa ukubwani. Kabla ya mkeka ule, Tonton alikuwa mgeni wetu, mtu wa kula na kuondoka. Kinezi aliuambia mkono upumzike, na hakukosea. Kaku, kwa imani yake ambayo mimi siifuati, ndiye aliyempata mtu wa kuupumzisha.

Tonton sasa ana mke na watoto, anaishi Kasaji. Nasikia huko, ikija harusi, wanaanza kwa kumtafuta yeye.