Sevisi ya Gari Jekundu na Kikohozi cha Babu Yako

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoipaka filta ya oili rangi ya kucha. Si mzaha. Nilifungua boneti ya gari jekundu la babako, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaweka nukta moja ya waridi mahali ambapo fundi hawezi kuiona asipoinama. Kisha nikafunga boneti, nikanawa mikono, nikalipeleka gari gereji mjini Kisii kama mwanamke asiyejua lolote.

Najua kutoa nasaha ni kazi ya wazee. Mimi sina mvi hata moja na bado nakubeba mgongoni ukilia. Lakini kuna alasiri moja iliyonizeesha, na hasira yake haijaniisha, kwa hivyo nitasema tu. Kemunto wangu, ukishajua kusoma, soma haya polepole.

Babako alipopata kazi Qatar alituachia gari la mbio, la milango miwili, lililokaa chini kama kobe na lenye sauti ya simba mwenye mafua. Huku kwetu Nyansiongo watu wana pikapu za maziwa na trekta. Sisi tukawa na gari la mbio kwenye barabara ambayo ng'ombe hupita kwanza. Walitucheka sana. Kisha bwana harusi wa kwanza akaja kulikodi, wakanyamaza. Bibi harusi akishuka kutoka gari lile, hata mchungaji hunyoosha shingo. Gari hilo ndilo lililokuvalisha viatu, usilidharau.

Babako aliacha sharti moja: kila kilomita elfu tano, sevisi. Lipa, waache wafanye, kitabu kigongwe muhuri. Nikatii. Lakini mimi tangu shule ya upili nina ugonjwa wa kuuliza. Mbona wananiweka kwenye benchi la nje nitazame televisheni? Wanafanya nini humo ndani saa mbili nzima? Filta ikitolewa inafanana na nini, na inaenda wapi? Siku moja nikamwuliza fundi, akacheka na wenzake.

"Madam, haya ni mambo ya grisi. Utaharibu kucha."

Kucha! Ndipo wazo la rangi liliponijia.

Basi safari ile ya nukta, gari lilirudi limeoshwa likang'aa, kitabu kimegongwa muhuri, stika mpya iko kwenye kioo. Sikufika hata Keroka. Nilisimama kando ya barabara, nikafungua boneti, nikainama. Nukta yangu ilikuwa pale pale ikinitazama. Ya waridi, safi, haijakwaruzwa hata kidogo.

Nilipiga kelele mpaka wauza ndizi wakaacha wateja. "Limelipuka?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, lakini si gari.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, kwa hivyo simama hapa na mimi. Kuibiwa hakukuwa kosa langu. Kosa ni lile nililoliamua nikiwa bado nimewaka. Wahenga walisema hasira hasara, nami nilikuwa nimeiandika methali hiyo kwenye insha zaidi ya mara kumi na kupata alama nzuri. Nikaapa pale pale kwamba gari lile haliguswi tena na fundi yeyote chini ya jua. Nitalifanyia sevisi mimi mwenyewe, nyumbani, na atakayecheka acheke.

Nilitazama video kwenye simu jioni nne mfululizo. Na nitasema ukweli: nilifurahi. Nilijua kwa nini oili huwa nyeusi, nikajua nati ya kuimwagia inakaa wapi, nikajua filta ni karatasi tu iliyokunjwa kunjwa ndani ya kopo. Karatasi! Miaka hii yote naogopa karatasi. Nikarudi mjini kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Kisii, anayejua methali za Ekegusii kuliko mwalimu wangu. Akanipa filta, akanipa oili, halafu akauliza, "Na stendi je, mama? Za kusimamishia gari?"

"Nina jeki."

"Jeki ni ya kuinua. Stendi ni ya kushikilia. Hizo ni kazi mbili."

Nikaona huyu naye anataka kunibandika mzigo nisiouhitaji. "Kwetu mawe yamejaa," nikamwambia.

Akaacha kufunga karatasi. "Mawe gani?"

Nikalipa. Nilichukua vitu vyangu nikaondoka. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Lakini mimi niliyejisifu kwa kuuliza, siku niliyoulizwa nilikataa kujibu.

Mawe yenyewe yalikuwa ya sabuni, yale ya Tabaka yanayochongwa viboko na twiga wa kuuzia watalii. Babako alileta mawili makubwa akitaka kuyafanya viti vya nje. Meupe, mazito, yamekatwa sawa kama mkate. Ukiyatazama unasema haya yatabeba nyumba. Yalikuwa yamekaa msimu mzima chini ya mchirizi wa paa, mvua ya kila alasiri ikiyanyeshea.

Ijumaa moja, gari likiwa limekodiwa kwa harusi ya Jumapili, niliinua gari kwa jeki upande mmoja, nikasukuma jiwe, nikashusha. Upande wa pili hivyo hivyo. Likakaa. Nililisukuma kwa bega, halikutikisika. Nyanya yako alikuwa jikoni amekubeba, nikamwona akinitazama kupitia mlangoni, mwiko umesimama juu ya sufuria. Nikatandika gunia, nikachukua beseni la bati la kukingia oili, nikaingia chini chali.

Huko chini ni dunia nyingine. Sitakudanganya, palinipendeza. Bomba hili linatoka wapi? Tope hili jekundu ni la harusi gani? Nilikuwa naligusa gari kama daktari. Nati tu ndiyo iliyokataa. Nikavuta spana, ikakataa. Nikaipiga teke. Gari likatikisika kidogo, nikasema aa, ni mimi, nikapiga tena.

Kisha nikasikia kikohozi.

Hapa lazima nieleze, maana nyinyi watoto wa simu mnasahau. Kwetu kuna chinsoni, adabu ya kuoneana haya kati ya mtu na mkwewe. Mimi na babu yako, Mzee Onchiri, hatupeani mkono. Hatuketi kiti kimoja. Hakanyagi ndani ya nyumba yangu. Na kunikuta nimelala chali, miguu nje, lesso imepanda magotini, ni aibu yangu na yake pia. Ndiyo maana akitaka kupita uani kwangu hukohoa akiwa bado kwenye migomba, nami nikapata muda wa kujiweka sawa.

Akakohoa mara ya pili, karibu zaidi. Niliwaka. Mzee mzima, shamba lote la chai la kutembelea, aje kupita hapa saa hii? Nikatoka chini ya lile gari kwa kiuno kama mjusi, nikishusha lesso, uso mzima grisi, nikasimama kando ya ukuta wa jikoni nimeinamisha kichwa kama ipasavyo. Ndani ya moyo natukana.

Babu yako akasimama upande wa pili wa ua, amegeukia mbali. "Mama Kemunto," akasema, "naomba maji ya kunywa."

Maji! Mtungi wake uko kwake, hatua thelathini! Lakini mkwe akiomba maji huulizi. Nikaenda. Nilikuwa nimeshika kikombe mkononi niliposikia mlio, si mkubwa, kama muhogo mkavu ukivunjwa kwa goti. Kisha mshindo. Nyanya yako akaita jina la Nyasae, Mungu wetu.

Nilitoka. Jiwe la kushoto lilikuwa limepasuka katikati, vipande viwili laini kama vya siagi, na gari lilikuwa limeketi ardhini. Lile beseni la bati, ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa karibu na bega langu, lilikuwa bapa. Bapa kama chapati. Nilisimama na kikombe mpaka maji yote yakamwagikia miguuni. Wewe mgongoni kwa nyanya ulikuwa unacheka, ulidhani gari limecheza.

Babu yako hakukimbia wala hakupaza sauti. Maisha yake yote alitengeneza matrekta ya mashamba ya chai, na kidole chake kimoja kilibaki huko. Aliongea akiwa amelitazama jiwe, si mimi.

"Jiwe la Tabaka likilowa, mchongaji hulikata kwa panga. Ulitaka libebe gari?"

"Baba," nikasema, bado kwa hasira, nakiri, "ulijua? Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa natazama tangu ulipoliweka la kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia nitoke?"

Akaligusa jiwe kwa fimbo yake. "Ningesema toka, ungeniuliza kwa nini. Ningesema jiwe, ungeniambia ulichoona kwenye video. Wewe unabishana hata na redio. Lakini tangu uolewe hapa, sijawahi kukohoa nikakukuta umelala."

Nyanya yako akacheka huku analia. Mimi nikakaa chini kwenye tope.

Harusi ile ilipata gari lingine. Gari letu alikuja kulitazama fundi aliyefunzwa na babu yako zamani, akarekebisha chini palipobonyea. Na sevisi iliyofuata nikalipa. Ndiyo, nililipa, gereji nyingine, tena kwa moyo mweupe. Babu yako alisema atanisindikiza. Lakini ndani ya gari lile viti ni viwili tu, vinagusana mabega, na chinsoni haijui magari ya mbio. Kwa hivyo aliketi nyuma ya bodaboda, koti limefungwa vifungo vyote, akanifuata kutoka Nyansiongo mpaka mjini. Mimi na injini ya simba mbele nikienda polepole kama mazishi, yeye nyuma na fimbo yake. Watu wa Keroka bado wanalizungumzia.

Pale gereji hakukubali benchi la televisheni. Aliomba kiti, akakiweka mita mbili kutoka kwenye gari, akaketi. Hakufundisha mtu, hakugombana na mtu. Kazi ilipoisha akauliza swali moja tu: "Kijana, ulichokitoa kiko wapi?"

Fundi akaileta filta ya zamani mkononi, inachuruzika. Babu yako akanifanyia ishara niitazame. Nikaitazama pande zote. Sikuwa nimeipaka rangi safari hiyo, na haikuhitajika.

Basi, mwanangu, jungu kuu halikosi ukoko, nami nakupakulia huo nilioukwangua. Lipa kazi usiyoijua, wala usione haya kulipa. Lakini usilipe huku umefumba macho, maana muhuri hauendeshi gari. Keti karibu. Uliza kilichotolewa kiko wapi, na ufanye hivyo kwa fundi, kwa daktari, hata kwa mume. Ukitaka kufanya kwa mkono wako, fanya, sitakuzuia, mimi mwenyewe sasa nabadilisha oili ya gari lile kila sevisi ya pili, nikiwa na stendi nne za chuma nilizonunua kwa yule mzee wa spea, ambaye hakunicheka hata kidogo. Ila jifunze ukiwa umetulia. Ukijifunza kwa hasira utasikia nusu tu, na nusu uliyoiacha ndiyo itakayokuangukia. Heshima nayo si utumwa. Nilidhani ile adabu ya kuinamisha kichwa ni kamba shingoni mwangu. Kumbe upande wa pili wa kamba kulikuwa na mtu ameishikilia.

Beseni lile bapa nimelitundika ukutani jikoni. Najua utaniuliza mbona tuna sahani kubwa tusiyoilia chakula. Sasa umejua.

Nyasae akupe mikono inayojua kazi na macho yasiyodanganywa na muhuri. Akupe maswali mengi, na masikio ya kungojea majibu yake. Na popote utakapokuwa umelala chini ya kitu kizito bila kujua, asikose kuwepo mtu kwenye migomba wa kukukoholea. Ukimsikia, toka kwanza. Utauliza ukiwa umesimama.