Faili Langu Lilikuwa Safi

Jamani, mimi nilikosa cheo kwa sababu kazi yangu haikuwa na kosa hata moja.

Mnacheka? Subirini.

Nipo Duluth, Minnesota, kwenye ofisi inayotunza picha za zamani za maktaba. Kiongozi wa chumba chetu cha kompyuta alikuwa anastaafu, na kile kiti nilishakihesabu changu.

Kisha akaja Kaisa, mfanyakazi mpya.

Bosi wetu Verna akimwona tu, anatabasamu mpaka jino la mwisho linaonekana. Kaisa akileta mikate ya mdalasini, ofisi nzima inamzunguka. Nikileta mimi, eti wanapunguza mwili. Roho iliniuma, sifichi.

Ikaja kazi ya kuamua. Tulikuwa tumehamishia picha kwenye kompyuta mpya, na ile ya zamani ilikuwa ifutwe. Verna akatugawia mimi na Kaisa nusu kwa nusu: kila mtu aandike amri, programu ikague picha zake, majibu yaingie kwenye faili la maandishi. Angesoma mafaili yetu mwenyewe, ndipo amtaje kiongozi.

Nikaandika amri, mwishoni nikaweka alama ya mshale, ile inayopeleka majibu kwenye faili, na jina la faili, nikabonyeza.

Hapo hapo nikasikia Verna anacheka mezani kwa Kaisa.

Nikageuza kiti. Wanacheka nini hawa? Mbona amemshika bega? Nikawakodolea macho mpaka programu ikamaliza, nikafunga dirisha bila hata kulitazama.

Mkutanoni, faili la Kaisa lilikuwa na makosa kibao. Picha hii haisomeki, ile haikufika. Langu safi, kila mstari "sawa". Nikasema moyoni, leo umepatikana, dada.

Verna hakunipongeza. Alishangaa: picha za enzi zile, lisipatikane kosa hata moja? Akaniambia nirudie amri ileile mbele yao.

Skrini ikajaa makosa juu mpaka chini. Kwenye faili halikuingia hata moja.

"Ule mshale unabeba majibu ya kawaida tu," Verna akasema taratibu. "Makosa yanapita njia yake, yanatokea kwenye skrini. Usipoyaelekeza nayo kwenye faili, basi uwe unatazama. Ulikuwa unatazama wapi, Lyle?"

Tungeifuta ile kompyuta ya zamani, picha za watu zingepotea moja kwa moja.

Verna akamgeukia Kaisa, akamuuliza nani alimfundisha kuyaelekeza makosa kwenye faili.

Kaisa akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Kaka Lyle," akasema. "Wiki yangu ya kwanza hapa."

Kiti amekalia yeye, na mpaka leo nikimwona pale naumia. Kile nilichokijua kuliko yeye, wivu ulinisahaulisha.

Kwa hiyo wenzangu, ukishabonyeza, baki na skrini yako. Ya meza ya jirani yaache hukohuko.