Kitufe cha Mama Mkwe

Nilikuwa najiona mjanja. Naliweka hilo mbele kabisa, msomaji asije akanionea huruma mahali pasipostahili.

Nilitengeneza tovuti ya kufundisha watu makosa ya hoja, yaani namna tunavyodanganyana, na kujidanganya, kwa maneno yanayofanana na sababu. Unaifungua kwa simu, mchoro wa mtu unatokea, unambonyeza, naye anasema hoja yake. Kisha unachagua: imesimama au imeanguka? Ukipatia, kengele inalia na sauti inatangaza jibu. Niliiandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Busia ndiyo lugha ya sokoni na ya mpakani, na ndiyo lugha ya nyumbani kwangu pia. Mimi ni Japadhola wa Merikit, mke wangu ni Msamia. Tungegombana kwa lugha gani nyingine?

Kilichonisumbua ni mifano. Ile ya vitabuni ilikuwa mikavu, haimchekeshi mtu. Nilitaka watu waguswe.

Ndipo mke wangu akarudi kutoka kwao, karibu na Tiira, amenuna. Ndugu yake alitaka kuwaruhusu wachimba dhahabu wachimbe mashimo kwenye mteremko, juu ya chemchemi ya familia. Mama yao alikataa.

“Mama nasema, kwa jirani walichimba, maji ikakuwa nyekundu,” aliniambia, akirudia maneno ya mama yake. “Halafu ikapungua, halafu ikakauka. Walipoacha, ikarudi. Wakachimba tena, ikakauka tena. Yeye nachota maji pale tangu aolewe, ameona na macho yake.”

Mimi nilisikia mfano. Nilikuwa natafuta mtu anayedhani kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha, na huyu hapa, ameletwa mpaka sebuleni. Ila maneno yalikuwa mengi, hayakuenea kwenye kioo cha simu. Nikayakata: “Jirani walichimba, kisima kikakauka. Basi kuchimba kunakausha visima!” Nikamchora mama wa makamo, gauni la gomesi la kijani, mkono kiunoni. Sauti niliitia mwenyewe, nikaibana puani, na mwanzoni nikaweka kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo.

Kikohozi hicho nilikijua kupitia ukutani. Kwa desturi yao, mkwe wa kiume hampi mama wa mkewe mkono, hali chakula mbele yake, wala hamsogelei. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijamtazama usoni hata mara moja. Wakwe walinisifu kwa adabu hiyo, nami sifa hizo nilizipenda sana.

Tovuti ilipendwa. Vijana walitumiana, na yule mama wa gomesi ndiye aliyebonyezwa kuliko wote. Shemeji yangu, yule aliyetaka mashimo, nilimtumia mimi mwenyewe. Tena nikamwambia ni nani.

Kikao cha familia kilipoitishwa, nami nilikwenda. Niliwekwa upande wa ghala, mgongo wangu ukiwaelekea wanawake, kama inavyompasa mkwe. Mama akasimama, akakohoa kidogo, akaanza. Alipofika kwenye maji mekundu, shemeji akatoa simu na kubonyeza. Sauti yangu ya puani ikajaa uani. Kikohozi, jirani walichimba, kengele, kisha: “Hoja imeanguka!”

Wanaume walicheka mpaka wakapigana mabega. Nyuma yangu nilisikia wanawake wengine wakizuia kicheko. Mama akauliza kwa Kisamia ni nani huyo anayesema. Kicheko kikazidi, akaketi, na hakusema tena siku hiyo.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kabla aibu haijanifika, nilifurahi. Nilijisemea kwamba sauti imetoka safi, hata kwenye spika ndogo namna ile. Nikikumbuka hapo natamani nijifiche kwenye mojawapo ya mashimo yao.

Walikubaliana kuchimba. Njiani kurudi, mke wangu hakupaza sauti.

“Kumpa Mama mkono, desturi nakataza,” alisema. “Kumweka kwa simu ya watu, uliweza.”

Kisha akafungua tovuti yangu, akanipa swali la nne nilisome kwa sauti. Nilikuwa nimelitunga mwenyewe: kosa la mtu anayekata maneno ya mwenzake yawe mepesi, ili ayashinde bila jasho. Nilikuwa nimemchora huyo mtu na mkasi mkononi, anatabasamu.

Nilimfuta yule mama usiku huohuo, lakini nilikuwa nimechelewa. Wiki iliyofuata nilimsikia mpakani akilia kwenye simu ya bodaboda, amegeuzwa mlio wa kuitia. Na chemchemi ilifuata hatua alizozitaja, moja baada ya nyingine: kwanza wekundu, kisha kupungua.

Nilikwenda kuomba msamaha. Mimi nilikaa kwenye stuli uani, Mama alikuwa ndani nyuma ya pazia, na mke wangu alisimama mlangoni akipeleka maneno. Niliongea sana, kwa mpangilio mzuri, kama ninavyoongea siku zote. Mke wangu aliyafupisha. Nadhani nilistahili.

Nikaletewa chai. Niliinywa yote, na chini ya kikombe kulikuwa na utando wa udongo mwekundu.

Ndipo kile kikohozi kikasikika ndani, na maneno machache. Mke wangu alinigeukia.

“Mama nauliza, kwa hiyo simu, kuna mahali mtu alikuwa anaweza finya asikie yote Mama alisema?”

Mke wangu alikuwa ameanza kufungua mdomo tena, labda anisaidie. Nikamtangulia, nikajibu kuelekea kwenye pazia, na miaka yote ile sikuwa nimewahi kumsemesha mkwe wangu moja kwa moja.

“Hapana, Mama,” nilisema. “Hapakuwepo.”