Sponji ya Khulud

Haroub ni mtu wa maneno machache, na majirani zake wa zamani Ubungo hawakumbuki kumsikia akipandisha sauti. Lakini asubuhi ile, sebuleni kwa mwanawe Masoud huko Goba, alisimama mbele ya tangi jipya la samaki, akafoka.

"Sponji iko wapi?"

"Sponji gani, Baba?"

"Ya kwenye chujio. Ya mama yako."

Masoud akacheka kidogo. Si alishamwambia kwamba nyumba hii kila kitu kitakuwa kipya? Tangi jipya, pampu mpya, sponji mpya. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi, inateleza, inanuka tope. Aliitupa siku ya kumhamisha Baba kutoka Ubungo, na gari la taka lilishapita.

"Umetupa bila kuniuliza."

"Baba, ule ulikuwa uchafu tu."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Samaki wale aliwafuga marehemu mkewe, Khulud, na ndiye aliyemfundisha kwamba samaki huyatia maji yao sumu wenyewe, na kwamba kwenye ule utelezi wa sponji mnaishi vijidudu visivyoonekana, vinavyoila sumu hiyo. Vijidudu hivyo huchukua wiki nyingi kuota. Kwa hiyo ukianzisha tangi jipya, unalihamishia sponji ya zamani ikiwa bado mbichi, na samaki hawapati taabu. Khulud hakuwahi hata kuiosha kwa maji ya bomba; aliikamua kwenye maji aliyoyachota tangini.

Sasa maji yalikuwa yanang'aa, na samaki wamepanda juu, wanahema midomo wazi.

"Wakifa tutanunua wengine," alisema Masoud.

"Na mie nikifa?"

Tangu Khulud afariki, watoto walikuwa wakimwamulia Haroub kila kitu: alale wapi, ale nini, kipi kibaki na kipi kitupwe. Na kwa kuwa waliamua kwa upole, akilalamika alionekana hana shukrani. Akavaa kofia yake, akachukua ndoo yenye mfuniko.

"Nikupeleke, Baba?"

"Njia naijua."

Alikwenda Mabibo kwa Mwalimu Genoveva, shoga wa Khulud, ambaye naye alikuwa na tangi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mbona hivyo?"

"Marahaba, mwalimu. Masoud ametupa sponji ya mama yake. Anasema uchafu."

Genoveva alimtazama. "Amesema uchafu?" Hakungoja jibu. Alifungua chujio lake, akakata kipande kinene cha sponji kwa mkasi, akakitumbukiza kwenye ndoo pamoja na maji ya tangi. "Nilipoanza kufuga, Khulud alinikatia ya kwake, nikaiweka pamoja na hii. Vijidudu ni vya kwake. Usiache ikauke."

Haroub aliifunika ndoo vizuri.

Alirudi, akakipachika kipande kile kwenye chujio jipya, akabadilisha sehemu ya maji. Wawili walikufa mchana ule. Waliosalia walishuka taratibu, na baada ya siku chache wakaanza kugombania chakula.

Masoud alimfuata pale tangini. "Nisamehe, Baba. Sikujua."

"Hukujua, na hukuuliza," alisema Haroub bila kugeuka. "La samaki nimekusamehe. La kunifanya mtoto ndani ya nyumba yako, bado. Kaa hapo tuliongee."

Masoud akavuta kiti, akakaa.