Tathmini Iliyoandikwa Kabla ya Kipindi

Kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua sehemu ya mwisho ya andalio la somo. Ukishaandika tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi na hatua za kufundisha, chini kabisa kuna tathmini, na hiyo unatakiwa kuijaza ukitoka darasani. Sisi tuliijaza kabla ya kuingia. Asubuhi, ofisini, chai ikiwa bado ya moto, unaandika andalio lote mfululizo na kumalizia: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Halafu ndiyo unachukua chaki. Sikuwahi kuona kwamba huo ni uongo. Niliona ni kuwahi kazi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu kazini, katika shule iliyo mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ilongero, nilipopewa jukumu la kuwasaidia wenzangu kutengeneza potifolio. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tatu Singida mjini, na kwa sababu simu yangu ilikuwa na kioo kikubwa kuliko za wengine. Potifolio yenyewe ni ukurasa wako mwenyewe mtandaoni, ambamo mwalimu anaweka yale anayojifunza kazini: alichojaribu, kilichomshinda, alichobadilisha. Mimi nililieleza hilo vizuri kabisa. Nilikuwa nimelikariri.

Mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya jiko la shule. Kila Alhamisi baada ya vipindi tulipanda pale walimu tisa, kina mama wakishikilia sketi zao kwa sababu ya upepo, wanafunzi wakituchungulia kutoka chini na kucheka. Potifolio za mwanzo ziliniudhi. Mmoja aliweka picha zake nne akiwa amevaa suti. Mwingine alipachika vyeti vyake vyote, hadi cha ubatizo. Wa tatu alinakili ukurasa wa mtu asiyemjua, akasahau kufuta mahali palipoandikwa kwamba yeye ni mwalimu wa kike wa masomo ya sayansi. Alikuwa mwanaume, tena anafundisha historia. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikawafokea watu wazima juu ya jiwe kama nawafokea darasa la tano.

Aliyenisikiliza bila kununa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alibakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu. Darasa lile alikuwa nalo tangu mimi sijaajiriwa, na nusu ya wazazi waliokuwa wakileta watoto wao walisoma kwake. Watoto wanaoanza shule kwetu wengi huja na Kinyaturu tu, Kiswahili wanakutana nacho hapo hapo mlangoni. Yeye aliwapokea kwa lugha ya mama zao, akawavusha polepole. Simu yake, aliyonunuliwa na mwanawe, aliifunga kwenye leso kama dawa.

"Shikamoo mama," nilimwambia Alhamisi ile ya kwanza aliponisogelea.

"Marahaba, mwanangu. Sasa hicho kitu chako kinataka nini kwangu?"

"Kinataka ulichojifunza kazini, mama."

"Nilichofundisha au nilichojifunza?"

"Ulichojifunza."

Akaguna. "Hicho hakuna aliyewahi kuniuliza."

Aliandika kwanza kwenye daftari, kwa ule mwandiko wa ubaoni, kisha akaanza kuhamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Ilimchukua wiki tatu. Kabla ya kuanza aliniuliza nani atasoma, nami nikamhakikishia: "Mama, ukurasa huu umefungwa. Tunauona wewe na mimi tu." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, na ninayakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Alipomaliza niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Aliandika hivi:

"Kuna mtoto wa kike niliyemwona ndiye msomaji wangu bora. Siku moja tunasoma karibu na dirisha, upepo ukafunua ukurasa wa kitabu chake. Mtoto hakusimama. Aliendelea kusoma ukurasa uliopita, kidole kikipita kwenye maneno mengine kabisa. Hakuwa anasoma, alikuwa ameshika kwa kichwa. Nikawajaribu wenzake mmoja mmoja kwa kuwafunulia ukurasa mwingine. Wengi walikuwa kama yeye. Asubuhi hiyo, kabla ya kipindi, kwenye andalio nilikuwa nimeshaandika kwamba wameelewa. Nimeandika hivyo miaka yote. Hata siku ya msiba wa jirani wa shule, ambapo hatukufundisha kabisa, daftari langu linasema wameelewa. Sijui ni wangapi niliowapandisha darasa la pili wakiwa wameshika kwa kichwa. Sasa naandika maneno kwenye vipande vya maboksi, nayachanganya ndipo nawasomesha. Tathmini naijaza jioni."

Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri sana, na ule uzuri ndio ulioniponza. Nilisema moyoni: hii sasa ndiyo potifolio. Nikajiona mimi ndiye niliyeitoa.

Jumatatu iliyofuata afisa elimu wa kata yetu aliuliza kwenye grupu la walimu wote wa kata kama kuna shule yenye mfano mzuri wa kuonyesha wenzake. Shule nyingine zikaanza kurusha picha za watu wenye suti. Vidole vikaniwasha. Mwalimu mwenyewe alikuwa darasani, hatua thelathini kutoka nilipokaa, namsikia akiwaimbisha watoto silabi. Sikunyanyuka. Nilifungua mipangilio ya ukurasa wake, maana mwezeshaji anaifikia, nikabonyeza palipoandikwa "yeyote mwenye kiungo", nikanakili kiungo, nikakituma kwa mbwembwe: "Kazi kutoka shuleni kwetu. Mwezeshaji ni mimi."

Kwa muda wa chai zilikuja alama za makofi. Kisha mtu mmoja akaandika, "Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anajaza tathmini hewa?" akaweka nyuso za kucheka. Wengine wakafuata. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba na yeye hujaza asubuhi. Mimi pia sikuandika.

Kesho yake mwalimu mkuu aliitwa kwenye ofisi ya kata, akarudi na maneno mawili. La kwanza, mwalimu wa darasa la kwanza aandike barua ya kujieleza ndani ya siku saba. La pili, huenda darasa likapewa mtu mwingine. Nilikuwapo ofisini aliposomewa. Lile la barua alilipokea bila shida. La darasa, alikaa chini akaanza kukunjua leso yake na kuikunja.

"Wale watoto wapo katikati," alisema. "Wameanza kuunganisha maneno. Mtu mgeni ataanza nao upya, na ukiwaanzisha upya sasa, mwaka umekwisha." Hakusema neno juu ya heshima yake wala kustaafu kwake.

Baadaye akanifuata nje. "Mwanangu, si ulisema tunaona wawili?"

Nikamjibu kwa uso mkavu. "Simu ilijibonyeza mfukoni, mama. Nimeshtuka mwenyewe."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliniamini papo hapo, na akanipa pole. "Vitu hivi vya kisasa vina matatizo yake," alisema. "Usijisumbue sana." Akarudi darasani.

Siku zile nilifundisha kama mgonjwa. Kila nikifungua andalio langu naona mstari ule ule, ukurasa baada ya ukurasa: wameelewa, wameelewa, wameelewa. Siku ya sita nilikaa nikaandika barua ya kujieleza ambayo hakuna aliyeniomba. Niliandika kwamba maandalio yangu hayatofautiani na yake, na kwamba mwenye ofisi anaweza kuyaitisha. Na kwa kuwa nilishaanza kusema kweli, nikaongeza aya moja: ukurasa ule ulikuwa siri ya mwenyewe, nimeufungua mimi kwa makusudi, bila ruhusa yake, ili nisifiwe.

Nisijifanye jasiri. Nilitegemea barua ile iingie kwenye faili kama barua zote zinavyoingia, ikae huko na vumbi, nami niwe nimetua mzigo bila yeye kujua. Nilitaka kuungama kwa karatasi.

Siku ya saba nilimsindikiza ofisi ya kata. Afisa alikuwa kijana kwake. Alisimama akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akakaa na kuwa bosi. Alisoma barua yake mama kimya kimya. Akachukua yangu. Sijui kwa nini hiyo aliamua kuisoma kwa sauti. Labda alidhani tumekubaliana kuandika. Alisoma yote, aya ya mwisho pia, hadi pale penye "ili nisifiwe".

Mimi nilikuwa nikiangalia sakafu. Nilisikia leso ikikunjwa.

"Mama, ulikuwa unajua hili?" afisa aliuliza.

"Nimelijua sasa," alijibu.

Afisa aliziweka barua zote mbili mezani, akazilinganisha kingo zake kwa vidole. "Mnajua nikiitisha maandalio ya kata nzima..." alianza, akaishia hapo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Hivyo vipande vya maboksi, mama, vinasaidia?"

"Vinasaidia."

"Basi rudi darasani kwako. Darasa ni lako. Lakini tathmini zijazwe jioni." Akanigeukia. "Wewe pia."

Nje nilimwambia, "Mama, nisamehe." Alikuwa akitafuta bodaboda kwa macho. Aliipata, akapanda, akaweka kanga vizuri miguuni. "Tutaonana shule, mwalimu," alisema. Tangu nianze kazi pale hakuwahi kuniita mwalimu. Nilirudi kwa miguu, jua la saa saba utosini, katikati ya mashamba ya uwele, na sikuona kuwa nimeonewa.

Kwa wiki mbili ilikuwa hivyo. Namwamkia, anaitikia, tunaachana. Jiwe la nyuma ya jiko akawa hapandi. Wenzangu nao wakapunguza bidii, na sikuwa na uso wa kumfokea mtu. Mwalimu wa historia peke yake ndiye aliyefuta ukurasa wake wa kunakili na kuanza upya, akaandika sentensi mbili za kweli, kisha akanionya nisiziguse.

Alhamisi ya tatu nilimwona anapanda. Alikuja taratibu, akashika goti, akafika. Alikunjua leso akatoa simu.

"Nionyeshe kufuli liko wapi."

Nikanyoosha mkono kuipokea. Akairudisha kifuani.

"Mikono yako weka nyuma. Nielekeze kwa mdomo."

Nikaweka mikono nyuma, mtu mzima wa miaka arobaini, mbele ya wenzangu na wanafunzi waliokuwa wakichungulia. Nikamwelekeza. Mama, bonyeza hapo juu kulia. Shuka chini. Hapo penye "nani anaweza kuona". Alirudia mara tatu, anafunga, anafungua, anafunga, mpaka kidole chake kikaacha kutafuta. Kisha akaniuliza anayefutwa kwenye orodha anafutwaje. Nikamwambia. Akalifuta jina langu hapo hapo, nikimwangalia, akafunga simu kwenye leso, akashuka.

Mwaka ukaisha, akawapandisha watoto wake darasa la pili, akapokea wengine wasiojua Kiswahili. Mimi nikaendelea na kazi yangu kwa namna nyingine. Ukurasa wa mwenzangu siugusi. Nakaa na mikono nyuma, kweli kabisa, imekuwa tabia, na walimu wapya wanadhani ndivyo semina ilivyonifundisha. Wa kwangu mwenyewe niliuanza upya pia. Ule wa zamani ulikuwa na vyeti na picha ya semina, niliufuta. Mpya una andiko moja refu, nalo ni hili mnalosoma, bila majina. Kabla ya kuliweka nilimpelekea limeandikwa kwenye daftari. Alilisoma lote, akasahihisha mahali pawili kwa kalamu nyekundu, akarudisha bila kusema lolote zaidi ya, "Weka." Yanayofuata niliyaongeza baadaye, nayo pia aliyasoma kwanza.

Alizeti zilipokuwa zimeshavunwa na upepo umeanza ukali wake, nilikuwa kwenye mapumziko, nimekaa juu ya jiwe na kikombe cha chai, simu ikatoa mlio. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuona ukurasa wa mama. Niliufungua. Andiko la upepo lilikuwa bado lipo, na chini yake yapo mapya, moja kila Ijumaa, mengi ya mistari mitatu au minne. La mwisho lilisema: "Leo nimechanganya vipande, wamesoma kweli watoto watano. Wawili wanakisia kwa kuangalia mdomo wangu. Jumatatu nitasomesha nikiwa nimesimama nyuma yao."

Nilirudia kulisoma. Nilijua walimu wawili au watatu ambao wangefaidika nalo siku hiyo hiyo, na kidole changu, nakiri, kilikwenda chenyewe kwenye pembe ya kioo mahali pa kusambazia. Alama haikuwapo. Kwenye jina langu palisomeka "kusoma tu". Kuizima alama ya kusambaza sikuwa nimemwelekeza mimi. Alikuwa amejifunza mwenyewe.

Niliweka simu mfukoni, nikashuka kwenye jiwe. Kutoka darasa la kwanza watoto walikuwa wanasoma neno moja moja, kila mtoto na sauti yake. Nikaenda mlangoni kwake, nikasimama mpaka aliponiona.

"Shikamoo mama. Nimesoma. Naomba ruhusa niwaambie wenzangu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Marahaba," alisema. "Nitafikiria, mwanangu."