Sindano za Njano Dirishani

Laiti ningesema hapana asubuhi ile ya Julai, meneja aliponiambia niuingize ndani mpira wa pampu na kufunga dirisha. Nilisema, "Sawa, mzee," kabla hata hajamaliza.

Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya pili, katikati ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulisafisha kemikali na kuziuzia viwanda na shule. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mikono isiyotetemeka, kwa hiyo nikakabidhiwa kwinoni, unga wa njano wenye harufu ya kuchoma pua. Ulikuja mchafu, rangi ya tope. Niliuweka ndani ya chombo cha kioo, nikaning'iniza juu yake mrija wenye maji baridi yanayozunguka, ambao sisi tuliuita kidole, kisha nikawasha pampu ivute hewa yote. Chini ya chombo niliweka beseni la maji moto. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kukaa na kutazama.

Hakuna kilichochemka wala kuyeyuka. Unga ulipungua tu, kimyakimya, na juu kwenye kidole zikaanza kuota sindano nyembamba za njano. Hukuona kitu kikipita katikati. Kilikuwa hapa, kisha kikawa pale, na uchafu ukabaki chini kama jivu. Hata nilipokuwa nimeifanya kazi ile kwa miezi mingi, nikiachwa peke yangu na kioo kile nilijikuta nikigeuka kuangalia nyuma.

Sehemu ya mvuke wa unga ule ilikiponyoka kidole. Pampu iliunyonya na kuutema nje kwa mpira mrefu uliotokea dirishani. Ofisi zilizokuwa juu yetu zikalalamika kwamba makarani wao wanatokwa na machozi, na meneja alimwogopa mwenye jengo. Akasema ni wiki chache tu, mpaka mzigo mkubwa wa mteja uishe, na katika maneno hayohayo akadokeza kwamba anatafuta msimamizi. Nilijua mvuke ule haufai ndani. Chupa yenyewe ilikuwa na onyo kuhusu macho. Lakini usimamizi niliutaka, maana nilikuwa napanga kuoa.

Niliyepanga kumwoa alifanya kazi meza ya pili, hatua tatu kutoka kwenye pampu. Yeye ndiye aliyekwangua sindano kwenye kidole, akazipima na kuzitia chupani. Kwao ni magharibi, na hapa aliishi kwa shangazi yake, mtaa wa Jamhuri. Aliniita fundi, kwa utani zaidi kuliko heshima. Siku ile dirisha lilipofungwa aliniuliza, "Fundi, hii moshi yako haitatumaliza?"

"Haina neno. Inawasha pua tu."

"Haya. Pua ikiharibika, wewe ndio utaenda kumweleza shangazi."

Akacheka, akarudi kwenye mizani yake. Hakuniuliza tena.

Wiki ya pili, asubuhi ya baridi, nilifungua mlango nikakuta sindano kwenye kioo cha dirisha. Ndogo, za njano, zimesimama kama vinyweleo vya mkono wa mtu aliyeshtuka. Hakuna aliyeziweka. Kesho yake zilikuwa kwenye kioo cha saa ya ukutani. Siku iliyofuata nikazikuta ukingoni mwa kikombe chake cha chai. Tulikuwa tumefunga chumba kikiwa kitupu, na kitu kile kilikuwa kimetembea, kikachagua pa kukaa.

Nilianza kufika mapema kuliko wote, nikiwa na kitambaa chenye maji, ili nizifute kabla hajaziona.

Zile wiki chache zikawa miaka miwili. Usimamizi niliupata, na pamoja nao meza yangu nyuma ya mlango unaofungika. Yeye alibaki palepale. Siku moja aliinama kunionyesha hesabu ya chupa, nikaona weupe wa macho yake umegeuka rangi ya chai ya rangi. Nikamwambia ni vumbi la Ngong Road, atumie maji safi. Jioni nilijitazama kwenye kioo. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeanza.

Jumamosi moja tulikuwa Kenyatta Market tukila nyama choma. Alinyoosha mkono kuchukua chumvi, vidole vikagusa meza kando ya kisahani. Akajaribu tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba siku hizi kila mtu anamwona wawili-wawili, na wa pili hana uso.

"Daktari ameniuliza kama kazini kuna moshi," akasema. "Nikamwambia iko, lakini fundi wangu alisema haina neno." Akanigeuzia yale macho ya kahawia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Aliniomba nimshike mkono mpaka Jamhuri kwa sababu ya magari, nami nikamshika. Langoni kwa shangazi aliuachia mkono wangu, akapapasa komeo mwenyewe, akaingia.

Macho yake hayakupona. Shangazi alimrudisha kwao, na barua zangu zikarudi hazijafunguliwa. Jicho langu la kushoto nalo limefifia, lakini hilo silihesabu. "Sawa, mzee" ile ilimgharimu yeye macho yake, na mimi ilinigharimu yeye. Sikuoa mwingine.