Chupa Sita za Hayat

Hayat alitoka eda Jumatatu, na Jumanne asubuhi alikuwa keshafika maabara, Mikocheni. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani kwao Kinondoni, na tangu Yazid, mumewe, azikwe hakutoa chozi hata moja. Mawifi walisema ana moyo wa jiwe. Hakuwapinga, aliogopa kwamba kuna kitu ndani yake kilichokwenda na marehemu, na hakirudi.

Mezani alizikuta chupa zake sita. Alikuwa amezijaza tope la bonde linalofurika, akazitoa hewa na kuziziba, aone amiba wa udongoni wanaishije bila oksijeni. Zilitakiwa kufunguliwa baada ya wiki mbili. Hazikuguswa.

Mwenye makosa alikuwa Gaspar, mwenzake kazini, mtu wa Bukoba asiye na hila. Alisikia tu kwamba mjane wa Kiislamu akiwa eda ana miiko yake, akaona chupa nazo zimo. Kuuliza si ujinga, lakini Gaspar na adabu zake aliona kuuliza ndiko kukosa adabu. Kazi ya mwaka mzima ikavunda.

Aliomba radhi mpaka akachoka. Hayat alimwambia si kitu, na kweli hakuhisi kitu, hata hasira. Hilo ndilo lililomtisha.

Kwenye hadubini aliona viduara tu, vimetulia tuli. Amiba akikosa hewa hujikunja, akajijengea ganda na kukaa humo. Hapo aliye hai na aliyekufa hufanana. Gaspar alitaka wamwage. Hayat alitia tone kwenye kisahani chenye bakteria, chakula chao, akaliacha lipate hewa, kwa mazoea ya kazi tu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Gaspar alimwita. Ganda moja lilikuwa tupu, na kando yake amiba anajivuta polepole, anakula.

"Sista Hayat, huyu katoka," alisema. "Wengine bado."

Hayat alitazama kwa muda mrefu. Kazi imeokoka, tena kuzidi alivyoipanga: alitaka wiki mbili bila hewa, wamekaa zaidi ya miezi minne. Aliingoja furaha, haikuja.

Akauliza ni siku ngapi tangu wawape hewa. Gaspar akasema kumi.

"Mie nina kumi na moja tangu nitoke eda," akasema Hayat. "Hao wengine usiwamwage. Waache kwanza."